Kule

Kwetu jina ni foleni.
Mimi ni wa nne kwa wanaume, basi Kule,
na madereva wanaokuja Katwe kubeba chumvi
hunitania: "Kule wapi, mzee?"
Miaka kumi na tisa nimecheka nao.

Nilikuwa mkata mwamba.
Nilisimama ziwani hadi kiunoni, mtaimbo mkononi,
nikang'oa mabamba meusi chini ya tope.
Chumvi ile humla mtu
pale ambapo mwanamume hasemi.
Daktari wa Kasese alisema, pumzika.
Hakusema nikishapumzika niwe nani.

Ithungu ana majaruba sita.
Alirithi kwa mama yake, akayakandika udongo kwa miguu yake.
Mvua ikinyesha anahesabu hasara kwa sauti,
jua likiwaka anahesabu kimya.
Simu ya pesa iko kwenye sidiria, namba ya siri kichwani.
Mimi nina ufunguo wa kufuli,
nyumba ya mlango mmoja
na dirisha lisilofungika.

Jioni analeta ugali wa muhogo,
anapiga goti kama alivyofundishwa,
na goti lile, naapa,
lina kimo kunipita mimi niliyeketi kitini.

Nikasema, pesa ya chumvi ipitie kwangu.
Nikasema, mwenye nyumba ni nani?
Nikasema mbele ya wanunuzi wa Bwera,
gunia lao bado linaning'inia kwenye mizani:
nilikulipia mbuzi kumi na wawili!
Akafuta mikono kwenye kitenge.
"Kumi," akasema.
Si kwa ukali. Kama mtu anayesoma mizani.

Usiku ule nilimpiga.
Mara moja, huwa nasema,
kana kwamba moja ni namba ndogo.
Nyuma ya choo kiboko alikuwa anakula majani,
tulimsikia sote wawili akitafuna.
Yeye hakuweza kutoka:
mnyama nje, mnyama ndani.

Hakwenda kwao.
Angekwenda ningejua la kufanya,
ningetozwa faini, ningeomba radhi kwa utaratibu,
wazee wangenipa maneno ya kusema.
Alibaki. Shavu likavimba, likashuka.
Alfajiri ndoo kichwani, huyo, ziwani.
Binti yetu Mbambu akaanza kunisalimia akiwa mlangoni,
mguu mmoja nje.

Juzi, siku ya gulio,
Ithungu alirudi na mbuzi wawili, dume na jike,
kamba mpya za katani.
Akanitilia kamba kiganjani.
"Wapeleke kwa kaka zangu. Sema ni wako."
Kwa nini?
"Nimechoka kuwa deni."
Akaingia ndani kukosha sufuria.
Nikabaki uani, sijui
kama anafunga ndoa
au anafunga hesabu.

Lori lilituacha Kisinga,
mimi na mahari ya mke wangu
aliyoilipa mke wangu.
Barabara ya Kyarumba inapanda tu.
Njiani nilifanya mazoezi:
nimewaleta wale wawili, mashemeji, samahani kwa kuchelewa.
Sauti nzito. Kifua mbele.
Jike likavuta huku, dume likavuta kule.

Kijana mwenye pikipiki iliyokufa
alikuwa amekaa kwenye jiwe, mafuta hadi viwikoni.
"Mzee, mbuzi wazuri. Wa nani?"
Nilikuwa na jibu, nililibeba tangu Katwe.
"Wa Ithungu," nikasema.
Halafu, sijui limetoka wapi:
"Mimi nimetumwa."

Nilingoja acheke.
Alikuwa anatazama kamba.
"Hilo dume umelifunga vibaya," akasema,
"litakuponyoka hapo mbele."

Nikapiga goti katikati ya barabara,
vumbi, kokoto, goti lenyewe lile bovu,
nikaanza kufungua fundo.